Vijana wa Tanga wanaoenda kusoma Kiingereza nje waondoke wakiijua Tanga

Mhariri, salaam aleikum, na wasomaji wenzangu wote habari zenu. Naomba nafasi niseme kuhusu hawa vijana wetu wanaoenda nje kusoma Kiingereza. Siku hizi ukikaa hapa Tanga utasikia mtoto wa fulani kaenda Uingereza kozi ya miezi sita, wa fulani kaenda Malta, mwingine yuko India anaanza kozi ya lugha kabla hajaingia chuo, na mi mwenyewe ni mwalimu wa tuisheni hapa Makorora, nafundisha hichohicho Kiingereza, na nilijaaliwa kwenda kusoma kozi ya lugha Bournemouth, mji wa pwani kule kusini mwa Uingereza wenye shule nyingi za aina hiyo, kwahiyo hili ninalosema nimelikuta kwa macho yangu.

Jambo lenyewe ni hili, tunawaandaa watoto kwa baridi, tunazunguka mitumba kutafuta makoti, tunawaandaa kwa viza, benki, tiketi, sindano za chanjo, alafu hatuwaandai kabisa kwa swali watakaloulizwa darasani wiki ya kwanza tu, yani hebu tuambie, kwenu kukoje? Kule darasani anakaa Mturuki, Msaudia, Mbrazili, Mjapani, Mkorea, na lugha pekee inayowaunganisha ni hicho Kiingereza ambacho wote mnakibabaisha, sasa mtaongea nini nyie watu? Mtaongea kwenu. Chakula, harusi, sikukuu, mtoto akizaliwa mnafanyaje, mzee anasalimiwaje, michezo mliyocheza utotoni. Mwalimu anajua kabisa kwamba mtu hana kitu anachokitaka kukieleza zaidi ya nyumbani kwao, ndo maana somo linarudi hapohapo kila mara, na shule nyingi zina siku ya mataifa, kila mmoja anakuja na nguo zake na sahani yake na anasimama mbele na projekta anaongea.

Sasa wetu wakisimama wanaleta nini? Simba wa Serengeti, mlima Kilimanjaro, twiga, alafu anajifunga shuka la Kimasai anaruka juu mara mbili watu wanapiga makofi, kwisha. Nisieleweke vibaya, Wamasai wana mila zao nzuri na nawaheshimu sana, na hata huku mkoani kwetu wapo, Kilindi na Handeni, mtoto wa Kimasai akisimama akaeleza ya kwao nitakaa nimsikilize mpaka asubuhi. Lakini mtoto wa Chumbageni ambaye hajawahi kuswaga ng'ombe hata mmoja, ambaye Serengeti kaiona kwenye kalenda, anaruka vile kwa sababu gani? Kwa sababu anadhani ndicho wanachotaka wazungu. Na makofi anapata kweli, shida inakuja kwenye swali la pili. Mjapani ananyoosha mkono anauliza, kwanini mnaruka, wanaruka wakati gani, wanawake nao wanaruka? Hapo ndo kimya, anajiumauma, anatafuta simu.

Na mimi kama mwalimu nasema hilo swali la pili ndilo Kiingereza chenyewe. La kwanza mtu anakariri, unaandika sentensi zako kumi usiku unazisoma asubuhi, hujajifunza kitu. La pili huwezi kukariri, linakulazimisha utafute maneno ya kitu unachokijua wewe na mwenzio hakijui, hakuna kitabu kitakusaidia, hakuna aliyewahi kukuandikia sentensi za jinsi bibi yako anavyokuna nazi. Unazunguka, unaonyesha kwa mikono, unakosea, unarekebishwa, unarudia, na neno ulilolipata kwa shida hivyo halitoki tena kichwani. Nimeona watu waliokuja hawawezi kuomba maji wakafunguka midomo siku waliyoulizwa kuhusu harusi za kwao.

Hata kwenye mtihani iko hivyo. Wanaofanya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wanajua, sehemu ya pili ya kuongea unapewa kadi yenye mada, unapewa dakika 1 ya kujiandaa alafu unatakiwa uongee mfululizo mpaka dakika 2, na kadi za sherehe ya kwenu, mahali unapopapenda kwenu, mtu mzima aliyekulea, hizo ni mada za kawaida sana. Dakika mbili ni nyingi jamani kama huna la kusema. Mtoto anayejua zefe la maulidi linaanzia wapi linaishia wapi, nani anatangulia, dufu zinapigwaje, wanawake wamekaa wapi na wamepika nini, huyo dakika mbili hazimtoshi.

Ngoja niseme kuhusu bao maana hili lilinifurahisha kuliko yote. Wakati naondoka nilitia komwe kwenye mfuko wa plastiki nikaweka ndani ya begi, kete 64 kamili, bao lenyewe la mti sikulibeba, zito. Nilipofika kule nikachora kwenye manila safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32 kama tulivyozoea, nikaliweka mezani kwenye chumba cha kupumzikia. Wa kwanza kusogea alikuwa dada mmoja wa Kazakhstan, akacheka akasema huu mchezo tunao, kwao una mashimo tisatisa kila upande, unaitwa togyzkumalak, na Mturuki naye akaja akasema sisi tuna mangala, mashimo sita sita, na kweli michezo yao hiyo iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020, nchi tatu zilipeleka kwa pamoja, Wakazakhi, Waturuki na Wakirgizi. Sasa wao wakawa wanadhani letu ni lilelile wakae wacheze tu. Thubutu! Nikawaambia kaeni chini kwanza.

Kueleza bao la Kiswahili kwa Kiingereza ni kazi. Kwanza unanamua, kete 22 ziko mkononi unaingiza moja moja, ukiweza kula lazima ule, ukiwa huwezi unatakata, yani unasambaza kete zako bila kula, kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako, lile shimo lako kubwa, una hiari ya kulala, yani kuishia hapo, au kusafiri, yani kuendelea, ukila unaanzia kichwa cha kulia au cha kushoto kutegemea umekula wapi, zikiisha mkononi ndo mnaingia mtaji, hatua ya pili, na sheria zinabadilika tena. Kila sentensi hapo ni ya kama hivi basi vile, isipokuwa labda hivi, na hizo ndizo sentensi ambazo wanafunzi wangu wa tuisheni zinawatoa jasho miaka yote. Mi nilizimaliza pale mezani, jioni baada ya jioni, nikibishana na Mturuki ambaye alitaka kula kinyume cha utaratibu. Mpaka naondoka wao ndo wakawa wanawafundisha wanafunzi wapya, na kete niliwaachia.

Chakula nacho, nitasema kidogo. Siku ya mataifa nilipika samaki wa nazi, nazi ya kopo maana mbuzi ya kukunia kule utaitoa wapi, nikatia bizari, ndimu na pilipili mbuzi ambazo kule Waingereza wanauza aina inayofanana nayo. Akaja kaka mmoja wa Brazil kutoka Bahia, akaonja, akanyamaza, akaonja tena, akaniambia hii ni moqueca. Kwao wanapika samaki kwa tui la nazi na mafuta ya mawese. Bahia ndiko walikopelekwa Waafrika wengi sana wakati wa utumwa, na mapishi yao yamejaa Afrika mpaka leo. Nikamwambia na mimi nyumbani kwetu chini kidogo tu pana Pangani, mji ambao nao uliuza watu, basi yule kaka tuliongea mpaka sahani zikaoshwa na sisi tupo palepale. Tulikuwa tunaongea Kiingereza kibovu wote wawili lakini tulielewana, na yale mazungumzo yasingekuwepo kama ningepeleka picha ya simba.

Kuna kitu kingine ambacho watoto wetu hawaambiwi na kinaniuma. Tanga iko ndani ya nyumba za wale watu tayari na hatujui. Kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya utakuta kikopo cha maua madogo ya zambarau, mengine ya pinki au meupe, majani mazito yenye manyoya laini. Lile ua ni la kwetu! Asili yake ni misitu ya huku Usambara. Mjerumani aliyekuwa mtawala huku wakati wa ukoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia kwa ajili yake, na Wajerumani wa kawaida mpaka leo wanalitaja kwa jina la Usambara. Mama niliyekuwa napanga kwake alikuwa nalo jikoni miaka na miaka, analimwagilia kwa uangalifu kabisa, hakujua linatoka wapi, nilipomwambia linatoka milima ninayoiona nikipanda basi la kwenda Lushoto alikaa kwenye kiti. Toka siku hiyo kila mgeni akija ananiita nije nimweleze, na mimi Kiingereza changu kikazidi kunyooka.

Na ule ubao wa duara wa kurushia vishale ambao upo karibu kila mahali pa starehe Uingereza, hata hosteli ya shule ulikuwepo, ule mzuri unatengenezwa kwa nyuzi za mkonge. Mkonge si ndo sisi? Mkonge wenyewe haukuwa wa huku, uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 ikatoka Florida ikapita Ujerumani, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe pale Pangani, na kutoka hiyo 62 nchi hii ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge miaka ya sitini. Mtoto ambaye babu yake alikata mkonge, ambaye anajua kambi zilivyokuwa, watu waliotoka Kigoma, Songea, mpaka Msumbiji kuja kufanya kazi, wakaleta ngoma zao na vyakula vyao tukachanganyikana mpaka tukawa hivi tulivyo, huyo ana hadithi ya kuwaambia watu na inaanzia kwenye kitu kilichotundikwa ukutani kwao.

Kwa wanaoenda Uingereza kuna na vita vya hapa Tanga vya Novemba 1914. Waingereza waliteremsha jeshi lao walilolitoa India, watu kama 8,000, pale Raskazone, wakapigwa na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika ambao walikuwa elfu moja na kidogo tu, na nyuki wa hapahapa wakatoka wakawashambulia, makaburi ya wanajeshi wale tunapita tunayaona. Mwalimu wetu mmoja kule Bournemouth, mtu mzima anayependa historia, nilipomsimulia aliacha somo la siku hiyo, akaniambia endelea. Nilisema vizuri kwa sababu tangu mdogo nimesikia wazee wakielekezana nani alikimbilia wapi.

Sasa kuna upande mwingine lazima niuseme wazi japo wengine hawatapenda. Siyo kila cha kwetu ni cha kutoa nje. Kuna ya unyagoni, kuna ya kungwi na mwari wake, hayo yana mlango na yana wenyewe, na binti akiulizwa darasani anayo haki ya kusema tuna mafundisho ya wasichana, yanafundishwa na wanawake wakubwa, na yaliyomo hatuyasemi. Imeisha. Wanafunzi wa mataifa mengine watamheshimu, maana na wao wanayo ya kwao wasiyoyasema. Kinachoniudhi ni haya mavideo ya baikoko, ile ngoma ya kukata viuno. Mtu akitafuta ngoma za Tanga kwenye simu mara nyingi yanamjia hayo, na nimewahi kuona kijana wa kwetu anawafungulia wenzie darasani kwenye projekta eti hii ndo ngoma ya asili ya mkoa wangu, kulikuwa na mabinti wa Kisaudia pale waliinamisha macho na Wabrazili wakashangilia, na mwalimu hakujua afanye nini. Kiukweli niliumia. Mkoa una mdumange wa Wasambaa na Wabondei, mtu unaweza kuwaambia watu wasimame mkacheza darasa zima, una taarabu iliyopigwa hapa na Black Star na Lucky Star mpaka ikasikika pwani yote, una bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za enzi za wazazi wetu, vyote hivyo kijana hakuvijua kwa sababu hakuna mtu aliyekaa naye akamwambia.

Na siyo kosa lake peke yake. Sisi wazazi tukiona mtoto anaongea Kiingereza nyumbani tunafurahi tunamwambia endelea hivohivo, bibi akianza hadithi jioni tunamwambia bibi mwache mtoto asome. Shule zingine ukiongea Kiswahili unaadhibiwa. Alafu huyohuyo mtoto tunamlipia mamilioni aende Ulaya, na kule kitu cha kwanza anachoulizwa ni kile ambacho bibi alikuwa anataka kumwambia.

Mawakala wanaowapeleka vijana nje wana semina kabla ya safari, nimehudhuria na nimewasindikiza wanafunzi wangu, wanafundisha kujibu maswali ya viza, kupanda treni, kubana matumizi, ni vitu vya maana. Naomba waongeze nusu siku. Wawapeleke Boma la zamani pale mjini kwenye makumbusho ya Urithi, waende Tongoni wakaone magofu na makaburi ya kale, Amboni mapangoni, na kila kijana arudi na picha alizozipiga mwenyewe na maelezo ya dakika mbili aliyoyatunga mwenyewe kwa Kiingereza, asome mbele ya wenzie na wenzie wamuulize maswali. Yale maswali ndo mazoezi. Mi kwenye tuisheni yangu nimeshaanza, wanafunzi wa kidato cha tatu kila Ijumaa mmoja anasimama, juzi binti mmoja wa Kidigo kaeleza bada, ugali wa muhogo, na jinsi ya kuusonga usiwe na madonge, alihangaika na neno la madonge lakini darasa zima lilimsaidia, na wale ambao huwa hawanyooshi mkono siku hiyo walinyoosha.

Walio huko tayari nao nina la kuwaambia. Tarehe 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani, UNESCO waliipitisha mwaka 2021, na Julai ndo msimu shule za lugha Ulaya zinafurika wanafunzi wa likizo. Nendeni ofisini muombe saa moja tu ya mchana, shule nyingi hazitakataa maana zinatafuta shughuli za kuwapa wanafunzi. Chemsheni chai ya tangawizi, fungeni kanga, fundisheni salamu, na mkimaliza muwaulize na wao, hili la kuuliza watu wetu wengi tunalisahau, tunasema ya kwetu tunakaa. Mkorea alinionyesha jinsi anavyompa mzee kitu kwa mikono miwili na mimi nikamweleza shikamoo na kupiga goti, alifurahi sana kujua kuwa kuna watu mbali huko ambao mdogo bado anamnyenyekea mkubwa. Waomani wakikutengenezea kahawa na tende, utajikuta uko barazani kwenu Ngamiani, basi waambie hivo.

Kwenye begi, kwa wanaouliza, nyama na maziwa msibebe, Uingereza hawaruhusu kabisa kutoka kwetu watakunyang'anya uwanjani. Bebeni viungo vikavu vya Muheza, iliki, mdalasini, pilipili manga, vimefungwa vizuri na vina lebo. Kanga bebeni doti nzimanzima za zawadi na mjue kusema inavaliwa wapi na lini, siyo unampa mtu kitambaa anakitandika mezani. Na komwe 64, hizo hazina uzito.

Wanaoondoka Septemba bado wana muda. Wazee wa Ngamiani na Makorora wanacheza bao kila siku baada ya alasiri, wengine toka saa tisa wameshakaa, kijana akienda akaamkia vizuri akasema nataka kujifunza nasafiri, hatafukuzwa, atapewa nafasi ya kukaa. Mabinti waende kwa mashangazi na mabibi na daftari. Na mzee yeyote anayesoma barua hii, mjukuu akija na maswali yake muda mbaya, umechoka, umetoka shamba, naomba umjibu.

Wenu katika kujenga,
Mwalimu wa tuisheni,
Makorora, Tanga.